Plagi ya Mashine ya Mkwe

Juma lile binti alimpigia simu baba yake mara tatu, na mara zote tatu alimwomba jambo moja tu: akija kumwona mjukuu, asikague.

"Baba, nakuomba. Njoo, kaa, kunywa chai, mpakate mtoto. Soketi za watu ziache ukutani zilivyo."

"Kwani mimi nimewahi kukagua nyumba ya mtu?"

"Baba. Siku ya kutambulishana."

Siku ile kweli mzee aliteleza. Familia mbili zilikuwa zimekaa zimetulia, maneno yanakwenda vizuri, yeye macho yakamwangukia feni ya pembeni. Feni haikuwa na plagi. Nyaya zake mbili zilikuwa zimesokomezwa kwenye tundu za soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Kabla hajajijua alikuwa ameshapiga magoti, amezima swichi, amezichomoa nyaya, na anamweleza baba mdogo wa kijana sheria inasemaje. Ndoa haikuharibika, lakini tangu siku hiyo ukweni walimwita Bwana Plagi, na binti akawa kila akilisikia jina hilo anatazama chini.

Kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi katika ofisi inayoangalia ubora wa bidhaa, chumba cha vifaa vya umeme vya nyumbani. Zilipita mezani pake pasi, birika, feni, majiko, redio, na kila kimoja alianza kukitazama mkiani, mwisho wa waya. Sheria aliijua kama jina lake. Kifaa cha nyumbani hakiuzwi waya wake ukiwa mtupu. Lazima kitoke dukani na plagi iliyokwisha kufungwa, inayoingia sawasawa kwenye soketi za hapa, yenye fyuzi ya kiasi chake na alama ya ubora iliyochapwa mgongoni. Watu walimcheka, mtu mzima na mvi zake analipwa kwa kutazama plagi. Hakubishana nao. Kabatini ofisini kulikuwa na majalada yenye picha za mikono na picha za vyumba vilivyoungua, na hakuwahi kumwonyesha mtu wa nyumbani hata moja.

Jumamosi asubuhi mkewe alimkuta mlangoni na begi begani. Akalifungua bila kuomba ruhusa, akatoa bisibisi, akatoa na kalamu ya kupimia umeme.

"Hizi zinakwenda kumpakata mtoto?"

"Zimo tu siku zote, mama."

"Basi leo zinapumzika." Akaziweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo hata yeye alipanda kiti kupafikia.

*

Ukweni walipokelewa kwa vigelegele hadi getini. Mama mkwe wa binti, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kujaza nyumba, alimnyang'anya mgeni begi, akamwekea mtoto mapajani kabla hata hajakaa vizuri. Kajitoto ka kike, wiki tano, kamekunja ngumi kama kanadai haki yake. Mzee alikatazama. Akajiapiza kimoyomoyo kwamba leo hata ukuta ukitoa cheche, yeye atatazama dari.

Baba mkwe alikuwa mtu wa namna nyingine, mkimya, mrefu, mwenye vidole vinene. Alikuwa amestaafu kiwanda cha kuchapa vitabu, alikokuwa fundi wa mitambo kwa miaka thelathini na minne, na wino mweusi ulikuwa bado haujamtoka kwenye mikunjo ya viganja. Fahari yake kubwa ilikuwa kwamba nyumbani mwake hajawahi kuingia fundi mwingine. Bomba, bawaba, paa, pampu, vyote alivishughulikia mwenyewe.

"Mkwe, njoo uone," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Nimemnunulia mjukuu gari."

Gari lenyewe lilikuwa mashine ya kufulia, nyeupe, mpya, bado ina kibandiko cha dukani kifuani. Ilikuwa kwenye ujia wa kuelekea bafuni, juu ya sakafu ya saruji ambayo kwa dalili zote haikauki.

"Nepi ishirini kwa siku," alisema baba mkwe. "Nikasema huyu binti asije akamaliza mikono yake. Imefika wiki tatu zilizopita."

"Mashine safi sana, mkwe. Hongera." Mzee alisema akitazama kitasa. Kisha akatazama mfuniko. Kisha, kama ulimi unaorudi kwenye jino bovu, macho yakamponyoka, yakaenda kwenye waya.

Waya ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, plagi inaning'inia. Plagi ya pini tatu. Zile mbili fupi zilikuwa zimevishwa gamba jeusi la plastiki shingoni, kama inavyotakiwa, mtu asije akagusa shaba yenye moto akiichomeka. Lakini ile ya tatu, ndefu, pini ya ardhi inayopeleka chini umeme uliovuja, nayo ilikuwa imevishwa hadi nusu. Pini ya ardhi haivishwi kitu. Inatakiwa iwe shaba tupu toka ncha hadi shina, ili ikiingia ukutani igusane na chuma cha soketi. Ikivishwa plastiki, imeingia tu, haijagusa kitu. Mgongoni hakukuwa na alama, wala namba, wala jina la mtu aliyekubali kuwa ndiye aliyeitengeneza.

Mzee akatia mikono mfukoni. Akageuka, akarudi sebuleni, akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa ya moto.

Mkewe alimtazama. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu mno kwa yeye kumficha kitu. Akamtikisia kichwa taratibu: usithubutu.

Naye alikubali, alikubali kabisa. Alijiambia kwamba mkwewe, mumewe binti, yuko kazini, atarudi saa kumi na mbili. Atampigia simu pembeni, mwanamume kwa mwanamume, atamwambia badilisha plagi ile kesho asubuhi, mzee wako asijue. Heshima ya kila mtu itabaki. Akaanza kutulia, akachukua biskuti, akauliza habari za uzito wa mtoto.

Hapo binti akasimama na beseni la nepi.

"Acha, mwanangu, nitafua mimi," mama mkwe alisema upesi, akitaka kuinuka.

"Mama, leo una wageni. Nazitumbukiza tu narudi."

Aliingia ujiani. Alikuwa peku. Mzee alisikia nyayo zake kwenye maji, ta, ta, ta, kisha akasikia waya ukitoka kwenye msumari.

"Usiichomeke!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mtoto alishtuka na kulia. Binti akatokea mlangoni, plagi bado mkononi, na macho yake yakamwambia baba yake kila kitu alichomwomba juma zima.

"Baba. Tafadhali."

"Iweke chini, mwanangu. Iweke tu chini."

Baba mkwe aliweka kikombe kwenye kisahani. "Kuna nini, mkwe?"

Mzee alimpa mkewe mtoto, akasimama. Alijikuta ameshika mikono mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. "Nisamehe. Niko nyumbani kwako, umenipokea vizuri. Lakini plagi ile si nzima."

"Plagi ile nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe."

"Najua, mkwe."

"Nimefunga mitambo mikubwa kuliko nyumba hii."

"Najua. Na sina shaka hata hiyo umeifunga vizuri kuliko ambavyo ningeifunga mimi. Ubovu haukutoka mkononi mwako. Imezaliwa mbovu."

Mtoto alinyamaza, akaanza kunyonya ngumi. Baba mkwe alikuwa ametazama mbele, taya limekaza, na mzee akawaza: basi, nimemwaibisha mtu sebuleni kwake, na binti yangu ndiye atakayebaki hapa kuishi na aibu hiyo.

Ndipo mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "Mimi hunichapa."

"Nini hukuchapa?" mumewe akauliza.

"Hiyo mashine. Nikiigusa na mikono ya maji, hunisisimua hapa," akajishika kifundo cha mkono, "mpaka kwenye kiwiko. Si nilikwambia?"

"Uliniambia mkono unakufa ganzi!"

"Nilikwambia mkono unakufa ganzi nikifua. Ukasema ni mishipa ya uzee, nipake mafuta."

Baba mkwe aliutazama mkono wa mkewe.

"Ndiyo maana nafua mimi," mama mkwe akaendelea. "Nimenunua ndala nene za mpira, nikizivaa hainipati sana. Huyu mtoto namwambia pumzika, pumzika, maana naogopa. Nikasema nikiisema sana, mzee ataona namdharau na mashine yake."

Binti alikuwa bado amesimama mlangoni. "Mama," alisema, "na mimi ilinipiga. Jumanne, ulipokuwa sokoni."

"Yesu na Maria! Mbona hukusema?"

"Ningesema," binti akajibu, akamwelekezea baba yake kidevu, "huyu angekuja."

Mke wa mzee ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko. Mama mkwe akamfuata, na kicheko chake kikawa kile cha kujaza nyumba, mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Binti akacheka akilia. Wanaume wawili walisimama katikati ya sebule wakitazamana, hawajui kama wanaruhusiwa.

*

Baba mkwe alikwenda chumbani akarudi na sanduku la vifaa. Kila bisibisi ilikuwa na mahali pake, imefutwa mafuta. Alimnyoshea mzee moja.

"Fungua wewe, mkwe," mzee akasema. "Fundi ni wewe."

Walikaa kwenye vigoda viwili pale ujiani, waya katikati yao. Kifuniko kilipotoka, ndani kulikuwa na usafi wa kutia moyo. Nyaya zilikuwa zimekatwa urefu sawasawa, zimesokotwa, zimebanwa, hakuna hata uzi mmoja wa shaba uliotoka nje. Mzee alisema hivyo, na alimaanisha. Kisha akaonyesha kwa ncha ya kidole mahali fyuzi inapokaa. Badala ya fyuzi palikuwa na kijibati kilichokunjwa.

"Hiki hakikati," alisema. "Umeme ukizidi, hiki kinapitisha tu, mpaka waya uungue."

Baba mkwe aligeuza plagi, akakwaruza gamba jeusi la pini ndefu kwa ukucha. Alikuwa mtu wa mitambo, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Kwa hiyo waya wa ardhi nilioufunga..."

"Umeufunga vizuri. Ila hauendi popote."

"Ndiyo maana inachapa."

"Ndiyo. Mashine za namna hii huvujisha umeme kidogo, ni kawaida yake. Waya wa ardhi ndio unaoupeleka salama. Hapa hauna njia, kwa hiyo unakaa kwenye bati la mashine, unamsubiri mtu."

"Na kama ndani waya ungechubuka, umeme wote ukagusa bati?"

Wote wawili walitazama nyayo za binti zilizokuwa bado zimechorwa kwa maji sakafuni. Baba mkwe aliiweka plagi chini taratibu, akajifuta viganja kwenye suruali, akajifuta tena.

"Ilikuja na plagi ya pini mbili za mviringo," alisema hatimaye. "Muuzaji akaniambia kata tu mzee, zote huwa hivyo, nunua hii hapa ufunge. Nikanunua pale pale. Sasa mimi nimevunja sheria?"

"Wewe? Hapana. Sheria inamtazama yeye. Mashine ilitakiwa itoke dukani kwake na plagi sahihi, umeifikisha nyumbani unachomeka unafua. Kukwambia ukate ni kosa. Kukuuzia hii ni kosa la pili. Jumatatu nitamtembelea, na sitakwenda kama mkwe wa mtu."

Walikwenda dukani wao wawili, kwa miguu, duka la vifaa vya ujenzi la mtaa wa pili. Njiani walifika kwenye kona yenye kinyozi. Hapo baba mkwe akasimama.

"Mkwe, nikwambie ukweli. Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?"

"Juma zima. Niliposikia unakuja nimebadilisha soketi mbili sebuleni, nimefunga upya swichi ya jikoni. Nimeamka alfajiri nikapitia nyumba nzima nikijiuliza atakosoa nini. Mashine sikuitazama kabisa, kwa kuwa ni mpya." Akashusha pumzi. "Mwanao angekufa nyumbani kwangu, mimi nimekaa nakagua swichi ya jikoni."

"Hajafa," mzee akasema, na aliposema tu ndipo mwili ulipoelewa. Akashika ukuta wa kinyozi. "Yuko pale anacheka na mama zake. Na mimi nikwambie wangu. Nilikwishapanga kunyamaza hadi jioni, nimwambie mwanao kwa siri. Nilikuogopa wewe, nikamwogopa binti yangu, nikamwogopa na mke wangu. Kama asingechukua beseni, ningekuwa bado nakula biskuti."

Kinyozi alichungulia kuuliza kama wazee wako salama. Wakamwambia wako salama sana.

Dukani muuzaji aliwatolea plagi moja, baba mkwe akaikataa kabla mwenzake hajafungua mdomo. Akaomba sanduku zima. Akazipanga kwenye kaunta kama mtu anayechagua mayai, huku mzee akimnong'oneza: pini ndefu iwe shaba tupu, mgongoni iwe na alama, ndani iwe na fyuzi ya ampea kumi na tatu na kibano cha kushika waya usichomoke. Walichukua nne. Muuzaji aliuliza kama wanajenga hoteli.

Nyumbani baba mkwe alifunga mwenyewe. Kwanza alitoa taa yake ya kupimia, balbu yenye nyaya mbili, akaigusisha kwenye tundu za soketi ya ujiani, mzee akimwangalia kwa makini. Balbu iliwaka kwa mwanga kamili kati ya tundu la moto, lenye umeme, na lile la ardhi, na mzee akaitikia kwa kichwa: ukuta ulikuwa mzima. Plagi ikaingia kwa sauti nzito, ya kitu kilichofika mahali pake. Mashine ikaanza kunguruma.

"Nani anaigusa?" mama mkwe akauliza kutoka mbali.

Mzee alilowesha kiganja kwenye beseni, akakiweka juu ya bati. Alijua hakuna kitu, lakini alifumba macho vilevile. Baridi ya chuma na mtikisiko wa maji, basi.

Baba mkwe akaweka chake kando. Kisha mama mkwe akaja, akagusa kwa ncha ya kidole, akaruka nyuma kwa mazoea, akagusa tena, akaweka kiganja chote. Akakaa nacho hapo muda mrefu.

"Kimya," alisema. "Jamani, kimya kabisa! Nikajua ni uzee!"

"Nisamehe, mke wangu," mumewe akasema mbele ya watu wote, na kwa jinsi mama mkwe alivyomgeukia, neno hilo halikuwa la kila siku katika nyumba ile.

Mchana ulipoanza kupungua joto, binti alimkuta baba yake uani, akianika nepi kwenye kamba, moja moja, amezinyosha pembe. Akachukua vibanio, akasimama karibu naye.

"Baba, kweli ungenyamaza?"

"Nilikaribia sana."

Alibana nepi mbili. "Nilikuwa naona haya," akasema. "Nilifikiri watakuchoka, halafu watanichoka na mimi."

"Ni haki yako. Mimi mwenyewe hujichoka."

Binti aliegemeza kichwa begani kwake, jambo ambalo hakulifanya tangu alipotoka nyumbani. Shati lake lilikuwa limelowa nepi, naye hakujali. Walisimama hivyo mpaka mtoto alipoita kutoka ndani.

*

Jumatatu mzee alikwenda kwa yule muuzaji wa mashine na mwenzake wa ofisini, na barua yenye muhuri. Walizikuta plagi zenyewe chini ya kaunta, masanduku mawili na nusu, zote za gamba jeusi hadi kwenye pini ndefu. Muuzaji aliapa kwamba hakujua, kwamba aliletewa tu, na pengine kweli hakujua. Zilifungwa, zikatiwa lakiri, zikabebwa. Kwenye meza ya duka pakaachwa amri ya kuwatafuta wateja wote walioambiwa wakate plagi, na kabla ya saa sita muuzaji alikuwa ameshaanza kupiga simu, jasho likimtoka.

Jioni mzee alimpigia baba mkwe kumpa habari. Simu iliita sana ndipo ikapokelewa na mama mkwe.

"Hayupo, mkwe. Tangu asubuhi yuko kwa majirani na bisibisi yake. Ameshapata plagi mbili mbovu, moja ya friji, moja ya pasi ya yule dada fundi cherehani. Chakula chake kimepoa. Na binti yako kalala na mwanawe toka saa nane, sijamwamsha. Nimwamshe?"

"Hapana, mkwe," mzee akasema. "Mwache alale."